Dakika Tisa za Kuungoja Msitu

Kwa miaka mitatu Navalayo alikuwa akiamka kabla ya jua kwenda kuusikiliza msitu. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni huko Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, na wageni wenyewe hawakufika kabla ya saa mbili. Kwa hiyo saa kumi na mbili ilimkuta peke yake chini ya miti, amekalia koti lake la mvua, kinasa sauti kidogo kimening'inia kwenye tawi, na ukungu ukimpita mabegani kama watu wanaokwenda sokoni bila kuzungumza.

Hakufanya lolote ila kukaa kimya. Njiwa ndio walioanza. Kisha mbega wakanguruma kwa pamoja, sauti nzito iliyotoka mbali, ikajibiwa na kundi jingine ng'ambo ya bonde. Baadaye hondohondo wakapita juu, na mabawa yao yalivuma kama shuka linalokung'utwa. Baada ya nusu saa alikizima kinasa sauti, akapanda kilimani palipokuwa na mtandao, akaipakia sauti hiyo kwenye tovuti aliyoiita Msitu Asubuhi. Haikuwa na picha wala matangazo. Ilikuwa na sauti, tarehe, na maneno machache tu, kama vile: Leo kulikuwa na umande mwingi.

Alikuwa ameianza kwa ajili ya mtu mmoja. Rajabu Makhanu alikuwa askari wa msitu, na ndiye aliyemfundisha Navalayo kazi alipoajiriwa. "Macho utayatumia na wageni," alimwambia siku ya kwanza. "Masikio ni yako mwenyewe." Halafu alasiri moja ya mvua kubwa, tawi la mti likakatika na kumwangukia Rajabu mgongoni. Miguu yake haikusimama tena. Alipelekwa Mumias nyumbani kwa dada yake, Zainabu, akalazwa kwenye chumba chenye dirisha linalotazama miwa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Navalayo alipokwenda kumjulia hali na kumuuliza amletee nini safari ijayo, Rajabu aliitazama miwa dirishani.

"Niletee asubuhi," akasema.

Basi akamletea kila siku, kupitia simu. Taratibu wengine nao wakaijua njia. Muuguzi mmoja aliisikiliza akitoka zamu. Mwanamke mzaliwa wa Lugari, aliyekuwa akifua nguo za watu huko Doha, aliandika kwamba huiweka chini ya mto wake na kuota yuko kwao. Hawakuwa wengi, na Navalayo hakuwahesabu. Ilimtosha kujua kwamba asubuhi ile aliyoikalia peke yake ilikuwa ikiendelea mahali pengine, katika vyumba ambavyo hangeviona kamwe.

Mwezi wa Mei Rajabu akapiga simu.

"Asalaam aleikum, Navalayo."

"Waaleikum salaam, Afande."

"Msitu umenyamaza," akasema. "Leo ni siku ya nne."

Navalayo alijaribu kwenye simu yake, na tovuti ikafunguka vizuri. Akadhani simu ya Rajabu imeharibika. Jumamosi akachukua kinasa sauti chenye zile asubuhi zote alizozikosa mwenzake, akaenda Mumias.

Zainabu alimweleza huku akichambua mchele. Laini ya Rajabu ilikuwa ya kampuni ya Mkondo, kwa sababu nyingine hazikushika vizuri upande ule. Mkondo walikuwa wameleta kitu kinaitwa Dirisha Bure. Kurasa saba ambazo kampuni ilizichagua zilifunguka haraka, bila bando, kwa kila mtu. Kurasa nyingine zote ziliwekwa nyuma. Hata ukinunua bando, zilijikokota.

"Nimemnunulia mara mbili," Zainabu akasema. "Bado inazungukanga tu."

Navalayo aliketi ukingoni mwa godoro. Alikuwa amekiwasha kinasa sauti ili ampigie Rajabu zile asubuhi, lakini kidole chake, kwa mazoea, kilikuwa kimebonyeza mahali pa kurekodi.

"Kwanza tujaribu hii," Rajabu akasema, akaigusa simu.

Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo cheupe. Wakakitazama. Nje miwa ilisuguana kwa upepo, na harufu yake tamu na nzito ikaingia chumbani.

"Sasa hivi njiwa wangekuwa wanamaliza," Rajabu akasema, akiwa amefumba macho. "Halafu kimya kidogo. Kile kimya chao cha kuvuta pumzi. Sasa mbega mmoja anaanza, yule mkubwa wa karibu na mto. Wengine wanamngojanga kwanza. Eh, hao."

Navalayo naye akafumba macho. Kwa muda hakujua yuko Mumias au Buyangu. Alisikia mchele ukianguka kwenye ungo, akaudhani matone yanayodondoka majani yakitikiswa. Adhana ya adhuhuri ikapanda kutoka msikitini, ikapita juu yao kama ndege mkubwa asiye na haraka. Rajabu alinyamaza mpaka ikaisha, akaitikia kwa sauti ya chini, kisha akaendelea kuuhadithia msitu pale alipouachia.

Walingoja dakika tisa. Mwishoni kiduara kikatoweka, na maandishi yakasema ukurasa haukupatikana.

Rajabu akailaza simu kifuani. "Kama ningependa vitu walivyoviweka dirishani mwao, ningekuwa navisikiliza saa hii," akasema, bila hasira. "Shida yangu ni kwamba nilipenda kitu kingine."

*

Navalayo alipanga chumba Shirere, kwenye ploti ya ghorofa moja iliyojaa wanafunzi. Juu yake aliishi Jepkoech, aliyekuwa akisomea sheria, msichana mwembamba aliyependa kukaa kwenye ngazi na vitabu vyake. Jioni hiyo Navalayo alimsimulia mambo ya Mumias. Jepkoech alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule mwenye barabara akianza kuamua nani apite mbio na nani atambae, basi yeye ndiye anakuchagulia utakapofika," akasema. "Hata kama hajakukataza kwenda kokote. Watu wanalipigania hilo kila mahali. Wanaliita usawa wa mtandao. Na serikali inakusanya maoni kuhusu hizi bando mpaka mwisho wa Julai. Andika."

"Mimi sijui kuandika barua za serikali."

"Basi usiandike barua."

Navalayo alirudi chumbani kuzihamisha sauti zake, na ndipo alipogundua kwamba zile dakika tisa zilikuwa zimerekodiwa. Alizisikiliza akiwa ameketi sakafuni. Zote zilikuwamo: miwa, mchele, adhana, na sauti ya Rajabu ikiwaita wanyama mmoja mmoja. Akazipakia bila kukata hata sekunde. Akaandika: Hizi ni dakika tisa ambazo mtu mmoja wa Mumias aliungoja msitu, na haukufika. Wewe unasikia nini unapongoja? Chini akaweka hashtegi aliyoitunga papo hapo, #TukingojaIfunguke, akaisambaza katika kila ukurasa aliokuwa nao.

Siku mbili hakukuwa na kitu. Siku ya tatu mkulima wa Lugari akatuma upepo ndani ya mahindi makavu. Alikuwa akingoja ukurasa wa bei ya mbolea. Mwalimu wa shule ya msingi akatuma pumzi za darasa zima, watoto wakiingoja video ya moyo unavyopiga, na mtoto mmoja akinong'ona, "Mwalimu, imekufa?" Mtu wa Malava akatuma mvua juu ya mabati. Msichana asiyesikia akatuma video ya pazia likijaa upepo na kulegea, likijaa na kulegea, na chini yake ameandika: Mimi sisikii, lakini hungoja vilevile. Yule mwanamke wa Doha akatuma mngurumo wa mashine za kufulia. Kwake mtandao ulikuwa mzuri, alieleza. Aliyekuwa akingoja ifunguke ni mama yake, huko Lugari, na yeye alikuwa akimngoja mama.

Chini ya kila sauti Jepkoech aliweka njia ya kutuma maoni kwa ofisi ya serikali, na watu wakaifuata kwa mamia, kisha kwa maelfu. Redio moja ikacheza mvua ya Malava asubuhi nzima kati ya taarifa na taarifa.

Wiki zile Navalayo alitembea kama mtu aliye usingizini. Akipanga foleni dukani alisikia foleni nyingine nyuma ya hiyo, ndefu, isiyo na mwisho, watu wamesimama nchi nzima na vioo vyeupe mikononi, na katikati ya kungoja kwao dunia ikiendelea kuvuma polepole. Alipokaa msituni alfajiri, aliona kana kwamba miti nayo inangoja kitu kifunguke. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

*

Mtu aliyemzindua alikuwa jirani yake. Mildred, msusi, aliishi chumba kinachotazamana na chake pamoja na binti yake mdogo, na ploti nzima ilimwita Mama Shantel. Aliwasukia wateja wake barazani. Alasiri moja mvua ya saa kumi iliwafungia wote wawili hapo, kiti cha mteja kikiwa kitupu kati yao.

"Nava," Mildred akasema, "hiyo kitu mnaandikanga kwa simu na Jepkoech, ni ya kufunga Dirisha?"

"Ni ya kufanya kurasa zote zifunguke sawasawa, Mama Shantel."

"Nimeuliza kama litafungwa."

Navalayo aliitazama mvua. "Huenda."

Mildred alikuwa akizitenganisha nywele za bandia, fungu baada ya fungu, na mikono yake haikusimama. "Wateja wangu wote wananipatanga huko. Natuma picha ya kichwa nimesuka, mtu anaona, anakuja. Bure. Tangu Dirisha lije sijanunua bando hata moja. Wewe uko na msitu. Jepkoech ako na vitabu. Mimi niko na hiyo."

"Sikukuuliza," Navalayo akasema baadaye.

"Hukuniuliza."

"Nikurekodi leo? Useme yako."

Mildred akacheka kidogo, bila uchungu. "Utarekodi nini? Mimi singojangi. Kwangu inafunguka."

Mvua ilipokatika Mildred akaingia ndani. Navalayo alibaki barazani mpaka maji yakaacha kudondoka. Alifikiria zile sauti zote alizozikusanya, na jinsi alivyosikiliza Malava na Doha, lakini mlango uliokuwa hatua nne kutoka kwake hakuusikiliza. Siku tatu hakupakia chochote isipokuwa msitu. Siku ya nne akaandika: Jirani yangu anatumia Dirisha Bure na linamlisha. Sikumuuliza kabla ya kuanza. Bado naamini njia iwe moja kwa wote, lakini sitasema kwamba hakuna atakayeumia.

Wengi walikasirika. Walimwambia anawapa Mkondo silaha. Jepkoech naye alishuka ngazi na kumwomba ayaondoe maneno yale.

"Ni kweli lakini?" Navalayo akamuuliza.

"Ni kweli."

"Basi yakae."

Jepkoech akatikisa kichwa, akarudi kwa vitabu vyake. Maneno yakakaa.

*

Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kilifanyika mjini Kakamega, siku ya Alhamisi, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka bila kuleta upepo. Aliyekuja kwa niaba ya Mkondo aliitwa Weldon Cherono, mtu mpole aliyevaa suti ya kijivu, na alizungumza vizuri. Alisema kuna nyumba ambazo mtandao haukuwahi kuingia mpaka Dirisha Bure lilipofika. "Mtu asiye na kitu kabisa," akauliza, "tumnyime hata kidogo kwa sababu si kila kitu?" Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Navalayo aligundua kuwa hata yeye ameitikia.

Zamu yake ilipofika alipewa dakika tatu. Alikuwa ameandika hotuba, akaiacha kitini. Akakiweka kinasa sauti mbele ya maikrofoni, akakiwasha.

Miwa ikasuguana ukumbini. Mchele ukaanguka kwenye ungo. Rajabu akasema, "Halafu kimya kidogo. Kile kimya chao cha kuvuta pumzi," na waliokuwa wakijipepea na makaratasi wakaacha. Mama aliyekuwa mwenyekiti alikuwa na kengele ya kukatiza wanaozidisha muda, na dakika tatu zilipokwisha aliishika, lakini hakuigonga. Adhana ilipopanda, wanaume wawili waliokuwa karibu na mlango wakavua kofia. Hakuna aliyezungumza mpaka maandishi yasiyosikika yalipotokea kwenye simu ya Mumias, na Rajabu akasema kwamba shida yake ni kupenda kitu kingine.

Navalayo akakizima. "Ni hayo tu," akasema, akarudi kitini.

Ndipo mtu akasimama nyuma kabisa. Alikuwa Mildred, amevaa aproni ya kazi, kitana kimechomekwa nywelani. Navalayo hakujua kwamba amekuja.

"Mimi nasukanga nywele Shirere," Mildred akasema. "Natumia Dirisha. Sikuja kusaidia huyu jirani yangu, na sikuja kusaidia huyu bwana wa suti. Mnabishana kama Dirisha lifungwe au libaki. Hakuna mtu ananiuliza ningetaka ukuta uwe na nini." Akamgeukia Weldon Cherono. "Hiyo data ya kufungua kurasa saba, inatoka mahali, siyo? Si hewa. Basi nipeni hiyo hiyo mkononi, hata kama ni kidogo, na msiniambie nifungue wapi. Nikitaka kutuma nywele, nitatuma nywele. Shantel akitaka kusoma, asome. Yule mzee wa Mumias akitaka nyani, apate nyani wake."

Ukumbi ukacheka, naye akangoja kicheko kiishe.

"Ni hayo. Nimeacha kichwa cha mtu nusu."

Akatoka. Weldon Cherono alikuwa ameinamia daftari lake akiandika, na aliandika kwa muda mrefu.

*

Mambo hayakuja kwa urahisi. Kabla uamuzi haujatoka, Mkondo wenyewe walilifunga Dirisha, wakasema wanangoja sheria. Tovuti ya msitu ilibaki kama ilivyokuwa, ikijikokota, na sasa Mildred naye hakuwa na kitu. Kiti cha barazani kilianza kukaa kitupu asubuhi nzima. Navalayo alinunua karatasi za manila, akaandika kwa mkono wake jina la Mildred, mitindo anayosuka na nambari yake, akazunguka nyumba za wanafunzi Shirere akibandika. Siku ya kwanza Mildred alikwenda naye akiwa kimya, akishika gundi. Siku ya pili alimwambia kwamba herufi zake ni mbaya. Siku ya tatu aliandika mwenyewe.

Uamuzi ulitoka Septemba. Kampuni za simu zilikatazwa kuchagua kurasa za kupitisha haraka na za kuchelewesha. Zikitaka kutoa cha bure, zitoe data inayofungua popote. Mkondo wakarudi na kipimo kidogo cha kila siku kwa kila laini. Jepkoech alipiga kelele kule juu mpaka vyombo vya watu vikatikisika. Mildred alikijaribu kwa wiki moja kabla ya kusema lolote.

"Kinaisha saa nane mchana," akamwambia Navalayo. "Dirisha halikuwa linaishanga."

"Najua."

"Lakini Shantel alifungua kitu cha sayari jana. Sikujua anapenda sayari." Akamvuta mteja wake kichwa kidogo upande. "Saa nane nimeshatuma picha zangu. Nitazoea."

Navalayo alitarajia simu kutoka Mumias asubuhi ya kwanza ya kipimo hicho kipya. Haikuja. Ya pili pia haikuja, wala ya tatu, naye akaogopa kupiga, asije akasikia kwamba ukurasa bado haufunguki, au jambo baya zaidi. Siku ya nne, akiwa anashuka kutoka kilimani Buyangu, simu ikalia.

"Asalaam aleikum, Navalayo."

"Waaleikum salaam, Afande. Msitu unafunguka?"

"Unafunguka, alhamdulillahi. Siku ile ya kwanza niliusikiliza mpaka mwisho. Nililia kidogo, usimwambie Zainabu." Akakohoa. "Halafu nikabonyeza mahali pengine, nikitaka tu kujua kama na huko nako kuko wazi. Nikaendelea kubonyeza. Kuna mwanamke mmoja, sijui wa nchi gani, anarekodinga ziwa lililoganda. Jua likitoka, barafu inapasuka. Wewe, Navalayo, maji yanaimba. Yanaimba kama waya mrefu uliogongwa na jiwe, sauti inakimbia mpaka upande wa pili wa ziwa na kurudi. Nimemsikiliza siku tatu. Samahani, wako sijausikiliza tangu Jumatatu."

Navalayo alisimama njiani. Alihisi wivu mdogo ukimgusa, mwepesi kama utando wa buibui usoni, kisha ukapita.

"Nitumie," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Afande."

Akakaa juu ya jiwe kando ya njia, na wageni wa saa mbili wakaanza kuonekana chini, wadogo, wakipanda kuelekea kwake. Ukurasa ukafunguka mara moja. Akaiweka simu sikioni, akafumba macho, na ziwa la watu wengine, mbali sana, likaanza kuamka.